Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Wanyama Wakali katika The Long Dark

Maswali haya yamekusanywa katika banda dogo la gemu lililopo Chikongola, Mtwara Mjini, ambako vijana wengi huja kucheza mpira na wachache hukalia kompyuta ya pembeni kwa ajili ya The Long Dark. Anayejibu ni mwenye banda. Amekufa katika gemu hii mara nyingi kuliko anavyopenda kukiri, na karibu kila mara aliyemuua ni mnyama ambaye alikuwa amekwisha kumwona mapema. Kwa kuwa wateja huuliza mambo yaleyale kila wiki, imeonekana afadhali majibu yaandikwe mahali pamoja, ili hata asiyefika bandani ayasome.

Hii ni gemu ya namna gani?

The Long Dark imetengenezwa na Hinterland Studio ya Kanada. Ilianza kuuzwa mwaka 2014 ikiwa bado haijakamilika, na toleo kamili likatoka Agosti 2017. Mchezaji hujikuta peke yake katika kisiwa cha kubuni kiitwacho Great Bear, kaskazini mwa Kanada, baada ya dhoruba ya sumaku kutoka angani kuzima kila chombo kinachotumia umeme. Hakuna mazimwi wala majeshi. Kuna baridi, njaa, kiu, uchovu na wanyama, basi. Wateja wetu wengi hawajawahi kugusa barafu isiyotoka kwenye friji, na mwanzoni huidharau baridi wakidhani adui wa kweli ni mwenye meno. Baada ya siku mbili hutambua kwamba wawili hao hufanya kazi pamoja: baridi hukusukuma utoke mbio kutafuta kibanda, na katika mbio hizo ndipo unapokutana na mnyama.

Jambo la kulifahamu mapema ni kwamba, katika hali ya kawaida ya kuishi porini, ukifa mchezo huo kwa kawaida hufutwa. Huwezi kurudi nyuma dakika tano ukajaribu tena. Ndiyo maana swali la wanyama huulizwa kwa uchungu.

Mnaposema mbwa mwitu, ni yule wa Liwale?

La, na swali hili ni la haki kabisa. Mtu wa Liwale au Nachingwea akisikia mbwa mwitu humfikiria yule mwenye mabaka ya rangi tatu na masikio ya duara, ambaye bado wapo wengi katika Hifadhi ya Taifa ya Nyerere na mapori ya Selous. Yule wa gemu ni mbwa mwitu wa nchi za baridi, wa kijivu, mwenye manyoya mazito, ambaye barani kwetu tumezoea kukutana naye katika Biblia na hadithi za shule tu. Lugha yetu imewapa wote wawili jina moja. Katika ukurasa huu, kila tunapoandika mbwa mwitu tunamkusudia huyo wa kijivu.

Nitajuaje kwamba ameniona?

Atakuambia mwenyewe. Mbwa mwitu wa gemu hii hupitia hatua kabla ya kuruka, na kila hatua ina dalili yake. Mwanzo hutembea ovyo, pua chini, akiwa na shughuli zake. Kisha husimama, huinua kichwa na kukuelekea. Halafu hunguruma au kubweka, akaanza kuja polepole huku ameinama, na hapo ujue amekwisha kukuchagua. Mwisho hukimbia. Kati ya kuinua kichwa na kukimbia huwa kuna sekunde kadhaa, na uhai wako umo ndani ya sekunde hizo.

Akiwa bado pua chini, chuchumaa, rudi ulikotoka, na uweke mwamba au kilima kati yako na yeye. Akiwa ameinua kichwa, acha kusogea mbele hata kama kibanda unachokitaka kipo nyuma yake. Akishaanza kuja polepole, kukimbia kwenye uwanda wa wazi hakukusaidii kitu, kwa kuwa ana mbio kuliko wewe, nawe una mzigo. Kunakusaidia tu ikiwa mlango, gari au kamba ya kupandia mwamba iko karibu kiasi cha kufikika kabla yake. Vinginevyo geuka umtazame, shika ulichonacho mkononi, na urudi kinyumenyume.

Dalili nyingine huja hata kabla mnyama hajaonekana. Kunguru wanaozunguka angani juu ya mahali pamoja huonyesha kwamba chini yao pana mzoga. Kuhusu hili tulifundishwa na mzee mmoja wa Liwale aliyekuja Mtwara kumwona mwanawe, akamfuata mjukuu wake hadi bandani. Mzee alisalimiwa shikamoo na kila aliyekuwamo, akapewa kiti cha plastiki, akaketi nyuma ya kijana huku mkongojo ameulaza mapajani. Kijana aliwaona kunguru, akafurahi, akaanza kuteremka bondeni akitumaini kupata nyama ya bure.

"Mjukuu wangu, hao ndege wanazunguka nini?"

"Mzoga, babu. Nakwenda kuchukua nyama."

"Penye mzoga pana mwenyewe."

Kijana alicheka kwa adabu na kuendelea kuteremka. Kulungu aliyekufa alikuwapo kweli, na mwenyewe alikuwapo pia, amesimama nyuma ya mti wa msonobari, hatua kama kumi hivi. Mzee hakusema neno tena. Alisogeza kiti nyuma kidogo, kama mtu anayempisha mgonjwa apite.

Sina silaha yoyote. Je, nimekwisha?

Hujakwisha. Wengi waliokufa hapa bandani walikuwa na silaha.

Kwa nini mbwa mwitu hunifuata mimi kila mara, wakati mwenzangu hupita salama?

Angalia umebeba nini. Hili ndilo jibu tunalolirudia kuliko yote, na tungeombwa tubakize jibu moja tu katika ukurasa huu, tungebakiza hili. Nyama mbichi, matumbo na ngozi ambayo haijakauka hutoa harufu, na gemu hukuonyesha harufu hiyo kwa alama inayoongezeka hadi vistari vitatu kadiri mzigo wa nyama unavyokuwa mkubwa. Mchezaji asiye na harufu anaweza kupita mbali na mbwa mwitu bila kujulikana. Mchezaji mwenye vistari vitatu ametangaza biashara. Atanuswa kutoka mbali sana, na watakaomjia wanaweza kuwa zaidi ya mmoja.

Kinachowaponza wachezaji ni tamaa inayoeleweka kabisa. Mtu amekaa na njaa siku mbili, akaangusha kulungu, akachuna kilo nane za nyama pamoja na ngozi na matumbo, na moyo wake haumruhusu kuacha hata kipande. Anaubeba mzigo wote akiwa na uchovu, jua linazama, na nyumbani ni mbali. Mchezo humruhusu kubeba kilo 30 hivi kabla hajaanza kuelemewa. Akizidisha, mwendo hupungua, hawezi kukimbia vizuri, na kwenye mteremko anaweza kuteguka kifundo cha mguu. Sasa fikiria mtu huyo: ananuka, ni mzito, anachechemea, na giza linaingia. Mbwa mwitu atakapotokea, mchezaji atasema ameshambuliwa ghafla. Hakushambuliwa ghafla. Alianza kushambuliwa saa mbili zilizopita, pale alipoamua kwamba kilo nane zote ni zake.

Dawa ya tatizo hili ni kupanga safari ya nyama kabla ya kuchuna. Chukua kiasi unachoweza kukila leo na kesho, kisha rudi kwa safari ya pili ukiwa umepumzika. Nyama haiozi upesi katika baridi ile, nayo ikiachwa nje ya nyumba chini ya theluji hukaa siku nyingi. Wachezaji wazoefu huwasha moto palepale penye mzoga na kupika kabla ya kuondoka. Nyama iliyopikwa hunuka kidogo kuliko mbichi, moto wenyewe huwatisha wanyama, na mtu huondoka akiwa ameshiba, jambo linalopunguza mzigo mgongoni. Matumbo na ngozi vipeleke moja kwa moja ndani ya nyumba, uvitandaze sakafuni vikauke. Vikishakauka havina harufu tena.

Usiweke ghala la nyama mbele ya mlango unaotokea kila asubuhi. Kijana mmoja aliyeweka kambi katika Camp Office, ile ofisi iliyo kando ya ziwa la Mystery Lake, alitupa matumbo yote kizingitini na kila siku akashangaa kwa nini mlango wake una wageni.

Je, ni kweli kwamba naweza kumtupia nyama akaniacha?

Ni kweli, na ni mbinu nzuri kuliko wengi wanavyoiamini. Ukiwa na kipande cha nyama na mbwa mwitu ameanza kukufuata, kitupe chini kama chambo na uendelee kuondoka bila kugeuka-geuka. Mara nyingi atasimama kula. Masharti ni mawili: ukitupe mapema, akiwa bado anakuja polepole, maana akishaanza kukimbia umechelewa, na usibaki kumtazama anavyokula. Kuna mteja aliyetupa chambo, akajificha nyuma ya mti ili amchome mshale akiwa anakula, mshale ukapita hewani. Alipoteza nyama na koti.

Moto unasaidia kweli?

Unasaidia sana dhidi ya mbwa mwitu, ila kila aina ya moto ina tabia yake, na asiyezijua tabia hizo huangushwa akiwa ameshika mwenge mkononi.

Moto wa kuni uliowashwa chini ndio ngome. Mbwa mwitu kwa kawaida hukaa mbali nao, atazunguka na kubweka, na wewe utapata nafasi ya kuyeyusha theluji, kunywa chai na kungoja. Ubaya wake ni kwamba kuuwasha huchukua muda, na mnyama akiwa tayari anakimbia huna muda huo. Hivyo uwashe pale unapohisi mambo si mazuri, usingoje hadi uyaone.

Mwenge huchomolewa kutoka kwenye moto unaowaka, na ndio unaofaa safarini. Ukiwa umeushika, mbwa mwitu wengi husita, ukiwarushia, hukimbia. Lakini upepo ukivuma kwa nguvu mwenge huzimika, na huzimika wakati usioutaka. Kijiti cha ishara, kile chenye mwanga mwekundu kama vinavyowekwa kwenye boti kwa ajili ya dharura, hakizimwi na upepo na huwatisha vizuri zaidi, ila huwaka kwa muda mfupi na havipatikani kwa wingi. Usikitumie kumulikia njia. Tunalisema hili kwa msisitizo kwa sababu tumeona vijana wakitumia vijiti vitatu kupekua nyumba iliyokuwa na dirisha.

Usiku wa mianga ya rangi angani, ile mianga ya kijani inayotokea ncha ya kaskazini ya dunia, mambo hubadilika: mbwa mwitu huwaka mwanga wa kijani na huwa wakali zaidi. Usiku huo lala ndani.

Ameshaniangusha. Nibonyeze nini?

Chagua silaha haraka, kisha bonyeza bila kupumzika hadi akuachie. Kisu au shoka hufupisha pambano. Mikono mitupu hulirefusha, na kila sekunde huongeza majeraha na kuchana nguo. Pambano lenyewe, hata hivyo, si gumu. Wengi hulishinda, kisha hufa dakika kumi baadaye, na ndiyo sababu jibu hili linaendelea.

Akishakimbia, tazama hali yako kabla hujatazama alikoelekea. La kwanza ni damu: funga bendeji mara moja, na kama huna, pasua kitambaa utengeneze. Damu isipozuiwa huua. La pili ni kidonda: kila palipoumwa pana hatari ya kuoza, hivyo safisha kwa dawa ya vidonda, au kwa kuvumwani, ule uoto mwepesi kama ndevu unaoning'inia kwenye miti, ambao hufanyiwa bendeji ya kutibu. Ukiupuuza, utahitaji vidonge vya kuua bakteria au chai ya uyoga uitwao reishi, pamoja na saa nyingi za kulala. La tatu ni baridi. Hili husahaulika daima. Koti lako limechanika, suruali imechanika, na joto ulilokuwa nalo asubuhi halipo tena. Safari iliyokuwa ya saa moja ukiwa na nguo nzima sasa inaweza kukuua. Rudi ndani ukashone.

Kwa hesabu hiyo, kila pambano na mbwa mwitu ni hasara hata ukishinda. Ukipata ngozi yake umelipa kwa bendeji, dawa, uzi na siku nzima ya kazi.

Kati ya bunduki na upinde, nichague ipi?

Bunduki ikiwa una risasi, upinde ikiwa una subira. Mlio wa bastola au bunduki huwatimua mbwa mwitu hata usipowapiga, na hiyo ni faida kubwa kwa asiye na shabaha. Bunduki iliyochakaa inaweza kukwama, kwa hiyo isafishe. Upinde haufanyi kelele, mishale huokotwa na kutumiwa tena, na mtu aliyetulia anaweza kumngoja mbwa mwitu anayekuja moja kwa moja akampiga kichwani. Mnyama aliyejeruhiwa na kukimbia huendelea kuvuja damu. Usimfuate mbio, fuata matone kwenye theluji baada ya muda, mara nyingi utamkuta ameanguka.

Dubu naye anafukuzwa kwa mwenge?

Usiutegemee. Dubu ni jambo jingine kabisa. Mbwa mwitu hukupa pambano ambalo unaweza kushinda; dubu hukupiga chini, hukurarua, na kukuacha ukiwa na majeraha kadhaa kwa pamoja na nguo zisizofaa. Ukiwa na afya kamili unaweza kunusurika. Ukiwa umechoka au una njaa, hapana.

Kinachomfanya dubu avumilike ni kwamba ana ratiba. Hulala katika pango lake, ambalo utalitambua kwa mifupa iliyotapakaa, na hutembea njia zilezile katika eneo lilelile. Ukishamwona mara mbili unajua mtaa wake, na ukijua mtaa wake unaweza kuishi kisiwani miezi bila kukutana naye. Ni mkubwa mno kujificha. Anayekanyagwa na dubu mchana kweupe alikuwa anatazama begi lake.

Wapo wanaomtaka kwa makusudi, kwa kuwa ana makumi ya kilo za nyama na ngozi inayotoa koti na tandiko zuri. Mwindaji mwenye busara hupiga risasi akiwa amesimama mahali ambapo hatua moja humwingiza ndani ya gari au nyumba. Hupiga mara moja, huingia, hufunga, na kungoja. Dubu atakuja, atazunguka, ataondoka akivuja damu, na atafia mbali. Tulikuwa na mteja aliyempiga dubu akiwa katikati ya ziwa lililoganda, pasipo na mti wala jiwe kwa pande zote nne. Alipoulizwa kwa nini, alijibu kwamba pale ndipo alipoweza kumwona vizuri. Dubu naye aliweza.

Yule mkubwa mwenye pembe pana ni mla nyama?

Hapana. Huyo ni musi, wa jamii ya kulungu, mwenye pembe pana kama makasia ya mtumbwi, na hali nyama. Wala hakuwindi. Ila ukimsogelea mno au ukimpiga usimuue, atakukanyaga na kukuvunja mbavu, na mbavu zilizovunjika hupona polepole huku zikikupunguzia uwezo wa kubeba mizigo. Ukikuta magome ya miti yamekwaruzwa kwa pembe, jua yuko karibu. Mpishe. Ngozi yake hushonwa begi linaloongeza kilo tano kwenye uwezo wako wa kubeba, kwa hiyo ipo siku utamrudia, lakini si leo.

Nimefika Bleak Inlet na mbwa mwitu wanakuja kwa kundi. Mbona sheria zimebadilika?

Zimebadilika kweli. Hao ni aina nyingine, wanaoitwa timberwolf, na hutembea kwa ushirikiano: mmoja hukushughulisha mbele, wengine huzunguka nyuma. Kundi lina moyo mmoja, na kwenye skrini utauona moyo huo kama mstari unaopungua kila unapowapiga, unapowatisha kwa mlio wa risasi au unapowarushia moto. Mstari ukiisha, wote hutawanyika. Lengo lako basi lisiwe kumuua mmoja. Liwe kuwavunja moyo wote. Weka mgongo kwenye mwamba au ukuta, washa moto mbele yako, na upige yeyote anayejitokeza karibu. Ukigeuka na kukimbia, umewafanyia kazi yao.

Puma je?

Puma, yule paka mkubwa wa porini, yumo katika nyongeza ya kulipia, ambayo banda letu bado halijainunua.

Nianzie ngazi gani ya ugumu?

Pilgrim, hata kama marafiki watakucheka. Katika ngazi hiyo mbwa mwitu na dubu hawakuanzi, hivyo utajifunza ramani, moto na nguo kwa utulivu. Voyageur ndiyo ya kujifunzia wanyama, kwa kuwa hushambulia lakini chakula na dawa vinapatikana. Stalker ina wanyama wakali wengi mno. Atakayeipenda ni yule anayetaka kuwinda au kuwindwa tu. Interloper si ya kuanzia: humo hutaokota bunduki, na hata kisu itakubidi ukifue mwenyewe. Kwa maoni yetu, ambayo si kila mtu hapa bandani anakubaliana nayo, Voyageur ndiyo gemu yenyewe, na hizo nyingine ni majaribio ya kiburi.

Jambo moja kuhusu ramani: wanaohama kutoka Mystery Lake kwenda Coastal Highway wakae macho wanapokata njia juu ya barafu ya pwani. Mbwa mwitu wa hapo ni wengi na uwanda ni wazi. Ni njia fupi kweli, kama vile njia ya mkato inayopita uani kwa mwenye mbwa.

Inafaa kula nyama ya mbwa mwitu au dubu?

Tuweke kando swali la halali na haramu, ambalo kila mteja analo jibu lake na limewahi kuchukua nusu saa ya muda wa watu. Kwa sheria za gemu, nyama ya wanyama wanaokula nyama inaweza kukupa minyoo ya tumbo hata ikiwa imepikwa. Kila kipande huongeza uwezekano. Hatari hiyo huondoka pale tu ujuzi wako wa kupika unapofika ngazi ya tano, ambayo ndiyo ya juu kabisa. Kabla ya hapo kula samaki, sungura na kulungu, na mbwa mwitu umfanye chambo au akiba ya siku mbaya sana. Minyoo ikishaingia hutibiwa kwa dozi ya kila siku kwa siku nyingi mfululizo, nayo dawa hiyo ungeihitaji kwa mambo mengine.

Umeme ukikatika katikati ya pambano, je?

Gemu hujihifadhi yenyewe unapoingia au kutoka ndani ya jengo, unapolala, na unapopata jeraha. Luku ikiisha ukiwa nje, utarudi mahali pa mwisho ilipojihifadhi. Kwa hiyo kabla ya kuanza safari ndefu ingia ndani ya nyumba, toka, kisha uende. Haihitaji intaneti ukishaiweka kwenye kompyuta, jambo ambalo kwetu si dogo.

Mbinu hizi zinaweza kunisaidia porini kwetu?

Zisikusaidie, tafadhali. Watengenezaji wenyewe wanaonya kwamba gemu yao si mafunzo ya kuishi porini, na hata mbwa mwitu wa kweli wa Kanada hawawafuati watu namna ile. Wanyama wetu ni wengine na historia yetu nao ni nyingine. Watafiti waliochapisha kazi yao katika jarida la Nature mwaka 2005 walihesabu zaidi ya watu 563 waliouawa na simba Tanzania tangu mwaka 1990, wengi wao upande huu wa kusini, na Lindi ikiwamo miongoni mwa maeneo yaliyoumia zaidi. Walionyesha pia kwamba mashambulizi yalizidi majira ya mavuno na mahali penye nguruwe pori wengi, kwa kuwa nguruwe hufuata mazao, simba hufuata nguruwe, na mkulima analala shambani ndani ya dungu akilinda mahindi yake asiliwe.

Anayelala kwenye dungu hana alama ya vistari vitatu ya kumwonyesha harufu yake. Tembo wanaoingia mashambani Liwale na Nachingwea hawatatimuliwa kwa kijiti chekundu. Wakulima hutumia kamba zilizopakwa oili chafu na pilipili, mizinga ya nyuki na kelele za pamoja, na hata hivyo tembo mwenye nia hupita. Ukimwona mnyama mkali karibu na makazi, rudi nyuma, wajulishe majirani, mpigie simu mtendaji wa kijiji naye awaite askari wa wanyamapori. Ikiwa mdogo wako anacheza gemu hii na kuna safari ya shamba mwisho wa wiki, mwambie hili kwa mdomo wako, asilisome hapa tu.

Nimeingia ndani ya gari, naye yuko nje. Nisubiri mpaka lini?

Mpaka aondoke. Ndani ya gari hakufikii, na unaweza kumtazama kupitia kioo hadi achoke na kurudi kwenye matembezi yake. Hesabu maji uliyonayo na joto la mwili, kwa kuwa gari hupunguza baridi lakini haliimalizi, na usilale ndani yake bila blanketi. Kijana mmoja aliingia garini pale Coastal Highway akiwa na vistari vitatu vya harufu, akakaa, akakaa, mpaka muda wake ukaisha. Mwenye banda alimgusa bega. Kijana alitazama skrini, mbwa mwitu alikuwa bado anazunguka boneti. Akaingiza mkono mfukoni na kulipia nusu saa nyingine.